Hundi ya Dola 200 Haileti Daktari

Mwanzoni mwa 2025 serikali ya jimbo la Ontario, nchini Canada, ilimtumia karibu kila mtu mzima hundi ya dola 200. Wenye watoto waliongezewa 200 nyingine kwa kila mtoto. Tajiri mwenye maghorofa katikati ya Toronto alipata sawasawa na mama anayesafisha ofisi za maghorofa hayo usiku. Wiki chache baada ya hundi kuanza kufika, Februari 27, tulipiga kura. Waziri mkuu wa jimbo, Doug Ford, na chama chake cha Progressive Conservative wakashinda kwa mara ya tatu mfululizo.

Hundi hizo ziligharimu takriban dola bilioni 3. Mwezi huohuo wa Januari serikali hiyohiyo ilitangaza mpango wa kuwaunganisha watu milioni 2 na huduma ya msingi ya afya, kwa dola bilioni 1.8 zitakazotumika kwa muda wa miaka minne. Yaani tatizo kubwa kuliko yote katika afya ya jimbo hili lilitengewa, kwa miaka yote minne, fedha pungufu ya zile zilizogawanywa kwa bahasha katika miezi michache.

Kwa msomaji aliye nje ya Canada: daktari wa familia ndiye mlango wa huduma nyingine zote. Ndiye anayekuandikia barua ya kwenda kwa daktari bingwa, ndiye anayefuatilia presha na sukari yako mwaka baada ya mwaka. Usiye naye unazunguka kliniki za papo kwa papo, na kila unapoingia unaanza upya kumsimulia ugonjwa wako mtu asiyekujua. Wahamiaji wapya wanaumia zaidi, kwa sababu wenyeji wengi walirithi daktari wa wazazi wao. Dola 200 haimpatii mtu huyo hata nusu ya daktari. Kwetu Afrika Mashariki kitu cha namna hii, kikitolewa majira ya uchaguzi, tungekiita takrima bila kusita.

Niseme mapema ili ijulikane nasimama wapi. Mimi ni mtu wa NDP (New Democratic Party), chama cha mrengo wa kushoto kilichotoka kwenye uchaguzi wa shirikisho wa Aprili 28, 2025 na viti 7 kati ya 343, wakati vinahitajika 12 ili chama kitambuliwe rasmi bungeni. Kimeanguka vibaya, lakini hoja iliyokianzisha bado naiamini kuliko hoja nyingine yoyote katika siasa za nchi hii: fedha ya umma ijenge huduma ambayo mtu ataikuta siku anayoihitaji, na kodi ya kuigharamia itozwe waziwazi. Vyama viwili vikubwa, Conservative (wahafidhina) na Liberal (waliberali), vinapendelea kurudisha fedha mfukoni mwa mpigakura uchaguzi unapokaribia, kisha vinatuambia hazina ni tupu.

Naanza na wahafidhina, maana ndio wanaojisifu kubana matumizi. Mwaka 2005 serikali ya Kiliberali ya Paul Martin ilikuwa imekwisha kukubaliana na majimbo yote 10 kuhusu vituo vya kulelea watoto wadogo, kwa dola bilioni 5 za miaka mitano. Mhafidhina Stephen Harper aliposhika madaraka 2006 aliyafuta makubaliano hayo. Badala yake wazazi wakapewa dola 100 kwa mwezi kwa kila mtoto aliye chini ya miaka sita, na fedha hiyo nayo ilitozwa kodi. Kwa bei za Toronto haikutosha hata wiki moja ya malezi ya mtoto mchanga.

Halafu ikaja Julai 20, 2015, miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Nyongeza ya posho hiyo, pamoja na malimbikizo ya tangu Januari, ililipwa kwa mkupuo: karibu dola bilioni 3 kwa siku moja. Waziri mwenye dhamana alikwenda Halifax kulitangaza jambo hilo akiwa amevaa fulana yenye nembo ya chama chake, katika shughuli ya serikali, kwa fedha za walipakodi wote. Waziri huyo ni Pierre Poilievre. Ndiye huyo aliyekuja kuwa kiongozi wa Conservative akihubiri sheria ya kwamba kila dola mpya ya matumizi itafutiwe dola ya kupunguzwa kwingine.

Ford naye hakuanza na hundi. Mwaka 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi wa jimbo, alifuta ada ya stika za namba za magari na kuwarudishia wenye magari ada za miaka miwili iliyotangulia. Ontario inapoteza zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka kwa uamuzi huo. Anayepanda basi hakuambulia chochote.

Waliberali wana kosa la aina nyingine. Mwaka 2015 kiongozi wao Justin Trudeau, aliyeshinda na kuwa waziri mkuu, aliahidi nakisi ndogo, yaani matumizi kuzidi mapato kwa kiasi kidogo, chini ya dola bilioni 10, na bajeti iliyosawazika ifikapo 2019. Mwaka wa fedha 2018-19 uliisha na nakisi ya bilioni 14. Nakisi yenyewe hainikasirishi, kwa sababu humo ndimo ilimotoka Canada Child Benefit, posho ya watoto iliyoanza Julai 2016, ambayo humpa zaidi mwenye kipato kidogo na imewatoa watoto wengi katika umaskini. Hayo yalikuwa matumizi yenye akili na nitayatetea mbele ya yeyote.

Ila Novemba 2024, wapigakura wakiwa wamekwisha kumchoka, Trudeau naye aliishika njia ya Ford. Alisimamisha GST, ile kodi ya shirikisho ya bidhaa na huduma, kwa miezi miwili kwenye orodha ya vitu iliyojumuisha vitu vya kuchezea watoto, bia na chakula cha mgahawani. Juu yake akaahidi hundi ya dola 250 kwa kila aliyefanya kazi 2023 na kupata hadi dola 150,000. Mstaafu anayeishi kwa pensheni na mlemavu asiyeweza kufanya kazi waliachwa nje, huku mwenye mshahara wa dola 140,000 akiwa ndani. Nashindwa kuelewa waliberali waliokaa kwenye kikao hicho walikuwa wanamfikiria nani.

Waziri wake wa Fedha, Chrystia Freeland, alijiuzulu Desemba 16, siku ileile aliyotakiwa kuwasilisha taarifa ya uchumi bungeni. Katika barua yake alizikataa mbinu za kisiasa zenye gharama kubwa wakati nchi inakabiliwa na tishio la ushuru wa Donald Trump. Taarifa ilipotoka ilionyesha nakisi ya dola bilioni 61.9, wakati yeye mwenyewe alikuwa ameahidi isizidi bilioni 40.1. Hundi hazikutumwa kamwe, na Januari 6 Trudeau akatangaza kuondoka.

Hapa lazima nikiseme chama changu pia. Ule mswada wa kusimamisha GST ulipita kwa kura za NDP. Wahafidhina na Bloc Québécois, chama cha wazalendo wa Québec, waliupinga, sisi tukaunga mkono punguzo la kodi ya bia. Na kuna jeraha la zamani zaidi: Novemba 28, 2005, NDP ya Jack Layton iliungana na wahafidhina na Bloc kuiangusha serikali ya Martin. Uchaguzi uliofuata ndio uliomleta Harper, na Harper ndiye aliyefuta yale makubaliano ya malezi ya watoto. Waliberali wanatukumbusha jambo hili kila uchaguzi. Hujibiwa kwamba Martin alikuwa anaelekea kuanguka hata bila sisi, kwa sababu ya kashfa ya udhamini, ambako mamilioni ya dola yaliishia kwa kampuni za matangazo zenye urafiki na chama chake. Ni kweli. Hata hivyo mpango wa kitaifa wa vituo vya malezi ulisubiri hadi 2021, na mtoto aliyezaliwa 2006 alikuwa tayari yuko sekondari.

Ndiyo maana nauthamini sana mkataba wa Machi 2022. NDP ilikuwa na viti 25, na ilikubali kuibeba serikali ya waliberali walio wachache kwa masharti yaliyoandikwa. Bima ya meno ikatoka humo: kaya yenye kipato chini ya dola 90,000 na isiyo na bima binafsi sasa inatibiwa, na iliyo chini ya 70,000 haichangii sehemu ya bei iliyowekwa na mpango. Kwa vizazi viwili Canada ilijisifia matibabu ya bure huku mdomo ukihesabiwa kama si sehemu ya mwili. Conservative walipiga kura kuupinga mswada wa kwanza wa meno wa 2022. Leo hawathubutu kusema wataiondoa, kwa sababu mzee aliyepata meno mapya hasahau nani alikataa.

Tutaulizwa: fedha zitoke wapi? Ni swali la haki. Mwaka 2024-25 Ottawa, yaani serikali ya shirikisho, ililipa zaidi ya dola bilioni 53 za riba peke yake, na ruzuku yake kuu ya afya kwa majimbo ilikuwa pungufu kidogo ya hizo. Mtu wa mrengo wa kushoto anayesema deni si kitu anawapa wakopeshaji fedha ya hospitali.

Lakini nani amewahi kulichukulia deni kwa uzito? Tazama Saskatchewan. Tommy Douglas na chama cha CCF, mzazi wa NDP, walichukua jimbo 1944 likiwa limeelemewa na madeni ya miaka ya njaa na ukame. Walipunguza deni kwanza. Januari 1, 1947 wakaanzisha bima ya hospitali kwa mchango wa dola 5 kwa mtu kwa mwaka. Bima kamili ya matibabu ilikuja Julai 1, 1962, chini ya mrithi wake Woodrow Lloyd, na madaktari waligoma siku 23 kuipinga. Walijenga taratibu na walitoza kodi ya kujengea. Miaka 20 baadaye, jimbo hilohilo lilimchagua mhafidhina Grant Devine, aliyeingia 1982 kwa ahadi ya kufuta kodi ya petroli. Aliondoka 1991 akiliacha jimbo karibu na kufilisika, na NDP ya Roy Romanow ndiyo iliyosawazisha bajeti, kwa uchungu mkubwa, ikiwemo kuondoa vitanda vya wagonjwa katika hospitali 52 za vijijini. Uchungu ule ulikuwa bili ya petroli ya bei rahisi.

Au tazama Québec, ambako NDP haina sifa yoyote ya kudai. Serikali ya Lucien Bouchard ilikuwa katikati ya vita vya kufuta nakisi pale waziri wake Pauline Marois alipoanzisha, Septemba 1997, malezi ya watoto kwa dola 5 kwa siku. Mchumi Pierre Fortin na wenzake walikadiria baadaye kwamba kufikia 2008 mpango huo ulikuwa umewaingiza kazini akina mama wapatao 70,000, na kodi zao zikawa zinarudi hazina. Hundi gani imewahi kufanya hivyo?

Sasa tuna Waziri Mkuu Mark Carney, mliberali aliyemrithi Trudeau. Bajeti yake ya Novemba 4, 2025 imetenganisha matumizi ya kawaida na ya maendeleo, mgawanyo ambao msomaji wa Tanzania anaufahamu vizuri, na nakisi yake ni dola bilioni 78.3. Kodi ya daraja la chini la mapato alikuwa ameishapunguza kutoka asilimia 15 hadi 14, jambo litakalogharimu zaidi ya bilioni 27 kwa miaka mitano, na ambalo hata bilionea ananufaika nalo. Kisha akaja kusema watumishi wa umma lazima wapungue kwa karibu 40,000 kutoka kilele chao. Tumeshaona upungufu wa aina hiyo unavyoishia. Wahafidhina walipanga mfumo wa mishahara wa Phoenix ili kuokoa dola milioni 70 kwa mwaka, waliberali wakauwasha Februari 2016 baada ya mamia ya wataalamu wa mishahara kuondolewa, na maelfu ya watumishi wakakaa bila mshahara au na mshahara wenye makosa. Kuurekebisha kumekula mabilioni.

Bajeti hiyo imekata pia dola bilioni 2.7 za misaada ya nje kwa miaka minne, ilhali Carney alisema kwenye kampeni kwamba misaada haitakatwa. Hata Harper, niliyemlaumu hapo juu, aliibeba ajenda ya afya ya mama na mtoto mwaka 2010, na mwaka uliofuata akaongoza pamoja na Rais Kikwete tume ya kimataifa ya kufuatilia ahadi hizo. Punguzo la kodi la asilimia moja limepewa kipaumbele kuliko fedha za aina hiyo, na hakuna mpigakura wa Mtwara au Kigoma atakayemwadhibu yeyote kwa uamuzi huo. Tunaoishi huku ndio wenye kura, na ni sisi wa kuuliza.

Novemba 17 bajeti ilipita kwa kura 170 dhidi ya 168. Wabunge wawili wa NDP walijizuia kupiga kura ili kuepusha uchaguzi. Naielewa hofu yao, maana wakati huo chama hakikuwa na fedha wala kiongozi wa kudumu. Ila 2022 tulitoka na bima ya meno, na safari hii sijaona tulichotoka nacho. Bajeti nyingine ikija nataka wabunge wetu waende na masharti yaliyoandikwa, kama zamani: misaada ya nje irudishwe, fedha za vituo vya malezi zisiguswe, na gharama yake ilipwe na kodi ya wenye kipato kikubwa, asilimia ikitajwa hadharani. Serikali ikikataa, wapige kura ya hapana.