Kadi wameipoteza wao, kiapo nile mimi?

Rejesho la mwisho la mkopo wa benki, ule nilioweka dhamana kadi ya kirikuu yangu, kigari changu cha mizigo, nililipa mwezi wa nane. Miezi 24, na hakuna mwezi niliowakwepa, hata msimu ule hela za korosho zilipochelewa kutuingia. Siku hiyo nilikwenda ofisini kwao, hapa Masasi, nikijua narudi nyumbani na kadi yangu ya gari. Kijana wa mikopo akaniambia, "Mama, kadi zote ziko makao makuu, Dar. Pita wiki ijayo."

Nikapita wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Wiki ya sita maneno yakabadilika: faili halionekani.

Basi akanisogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Nichukue ripoti ya upotevu polisi, nikaape kwa wakili, kisha niombe TRA kadi nyingine. Gharama zote juu yangu. Nikavaa miwani nikasoma mstari wa tatu: "kwamba nimepoteza kadi halisi ya gari tajwa." Nikamrudishia kalamu yake. "Mwanangu, mimi sijapoteza kitu. Kadi nilikukabidhi wewe, mkono kwa mkono."

Alisema ni utaratibu tu, wateja wote wanasaini. Ninaamini kweli wanasaini, na ndicho kinachonikera. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na hilo silo peke yake. Kadi ile haijaungua mbele ya macho ya mtu. Ikija kuibuka kesho mikononi mwa tapeli, imeshawekwa rehani kwingine, karatasi itasema aliyeizembea ni mimi. Aliyekuwa ameishika hatatajwa popote.

Watu wanasema gari si unalo, unaendesha, haraka ya nini? Haraka ni Oktoba. Minada ya korosho ikianza, mwenye kirikuu anahitaji matairi, anahitaji mafuta ya kuzunguka vijijini akibeba magunia hadi ghala la chama cha msingi, na mtaji huo wengi wetu tunaukopa kwa kadi hiyo hiyo. Na ukitaka kuuza, mnunuzi mwenye akili haweki hela mezani bila kuiona. Kwa hiyo nimemaliza deni, lakini mali yangu bado imefungwa kwao.

Msimamo wangu ni huu: mkopo haujaisha hadi dhamana irudi. Siku ya rejesho la mwisho, mteja apewe barua ya kumaliza mkopo na kadi yake, siku hiyo hiyo. Tarehe hiyo wanaijua tangu siku tunasaini mkataba; wana miezi 24 ya kuitoa kadi Dar. Ikipotea mikononi mwao, waape wao na walipe wao. Nikichelewa siku tatu mimi napigwa faini. Wao wiki sita wananiomba subira.

Niliandika barua, nakala mbili, yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nikawaeleza kwamba jibu lisiporidhisha nitalipeleka suala Benki Kuu, ambayo ina tawi Mtwara mjini na hupokea malalamiko ya wateja wa mabenki walioanza kwa kulalamika kwenye benki zao. Pia niliambatanisha kivuli cha kadi nilichotoa kabla ya kuikabidhi, chenye namba ya chasisi na ya injini. Kama unaenda kukopa wiki hii, toa kivuli chako leo, na udai risiti ya kuwa wameipokea.

Siku kumi baadaye waliniita. Kiapo kilikuwa cha meneja, kikisema kadi ilipotea ikiwa chini ya uangalizi wa ofisi yake. Kadi mpya ilipotoka, karani alileta lile daftari nililosaini miaka miwili nyuma. Lilikuwa na safu ya jina, ya namba ya gari, na ya tarehe ya kupokelewa. Ya kurudishwa haikuwepo. Nilimwomba achukue rula, akaichora safu hiyo mbele yangu.