Kupimwa Mwili Mzima kwa Elfu Kumi

Mwanza ya siku hizi ukikohoa mbele ya watu watatu, wawili wana dawa yako na wa tatu ana kikopo cha unga anachokukopesha. Zamani jirani akikuona umekonda alikuuliza kama mkeo amesafiri. Leo anakushika kucha, anaziangalia, anatikisa kichwa: "Mwili wako umejaa sumu, kaka." Sumu gani? Nani kaiweka? Hilo hajui. Bei ya kuitoa anaijua.

Mimi ni fundi wa injini za boti pale Kirumba, jirani na Mwaloni. Kazi yangu nusu nchi kavu, nusu majini, maana mvuvi hakubali boti ivutwe juu wakati mwezi umekwisha zama na dagaa wanamngoja. Nikawa nachoka bila sababu. Tumbo linasokota, na habari za chooni si za kusimulia watu wanaokula. Nyumbani nikatamka neno moja tu, kwamba nimechoka. Mke wangu akamwambia dada yake.

Shemeji yangu huyu, Mungu ampe maisha marefu, ni mshauri wa afya. Juzi juzi alikuwa anauza vitenge Makoroboi. Ushauri kausomea kwenye semina ya Jumamosi, akatoka na cheti, kalamu na fulana. "Baba Kulwa," akaniambia, "sisi hatutibu ugonjwa, tunatibu mtu. Kila mwili na mahitaji yake. Njoo tukupime mwili mzima, elfu kumi tu."

Kila mwili na mahitaji yake. Nani atabisha? Mimi na mke wangu tunakula sufuria moja na nguo zake bado zinamtosha.

Nikaenda, kwa ajili ya amani ya nyumba. Ofisi iko ghorofani, ina viti vya plastiki na picha ya mtu aliyechunwa ngozi. Mashine yenyewe ni kiboksi cha kukaa mkononi, kimeunganishwa na kompyuta, na kina waya unaoishia kwenye kipande cha chuma. Binti akaniuliza jina, umri, jinsia, urefu, uzito. Akaandika vyote. Akaniambia nishike chuma, nisiongee, nisiguse ukuta. Kwenye skrini moyo ukaanza kuzunguka, ukafuata ini, zikafuata figo, rangi nzuri kama katuni. Dakika moja haijafika sawasawa, printa ikaanza kutapika karatasi.

Jamani, mimi naumwa. Nyongo, uti wa mgongo, tezi dume, zinki, kalisiamu, mishipa ya ubongo, kolajeni ya macho. Macho kumbe yana kolajeni, na yangu imepungua! Ini nalo "limechoka kidogo". Hapo shemeji akagonga meza kwa kalamu ya semina: "Unaona? Ini!"

Sasa sikiliza ufundi. Injini ikizima katikati ya maji mimi siigusi mfuniko nikakutajia ugonjwa. Nafungua plagi, naangalia rangi yake, nachuja mafuta kuona kama yana maji, ndipo nafungua mdomo. Chuma kile kiligusa kiganja, na kiganja changu kina oili iliyoingia tangu sijaoa. Kitu pekee ambacho kingeweza kupimwa pale ni kama mkono una jasho au mkavu. Zinki wanaitafuta kwenye damu, na damu hawakunitoa hata tone. Mengine yote binti aliniuliza mwenyewe: umri wangu, kilo zangu. Mwanamume wa umri wangu mwenye kitambi kama hiki, hata kondakta wa daladala ya Buhongwa anaweza kubahatisha kwamba tezi dume imeanza maneno.

Kabla yangu alipimwa mama mmoja kutoka Ukerewe, shida yake goti. Baada yangu kijana wa bodaboda, shida yake chunusi. Karatasi zetu zilitofautiana kidogo, mimi nina nyongo, mama ana mifupa, kijana ana homoni. Tulipofika mezani kwa malipo sote tukapewa vikopo vinne vilevile. Rangi ileile, idadi ileile, laki mbili na themanini. Nikauliza kwa upole, shemeji, si umesema kila mwili na mahitaji yake? Akanijibu bila kupepesa kwamba vikopo vikishaingia mwilini vinajua vyenyewe pa kwenda.

Nikakataa kulipa. Mke wangu akalipa, kwa pesa ya kikoba. Kwa kunituliza wakanipa na zawadi, beseni la kuondoa sumu kupitia nyayo.

Hili beseni nalisimulia polepole. Maji ya vuguvugu, wakatia chumvi, wakazamisha kidude chenye vyuma viwili kilichochomekwa kwenye umeme. Nikaweka miguu. Baada ya muda maji yakaanza kuwa ya manjano, yakaenda kahawia, yakatoa povu na vipande vyeusi. Binti akawa ananisomea: "Hii ya kahawia ni maungio. Nyeusi ni ini. Povu ni mafuta mabaya." Watu wa kwenye foleni wakasogea kuangalia uchafu wangu. Mama wa Ukerewe akasema pole baba.

Nikatoa miguu nikaiweka juu ya taulo. Maji yakaendelea kutoa sumu! Miguu iko nje, imekauka, na beseni linazidi kuwa jeusi. Mtu yeyote aliyewahi kushughulika na betri na maji ya chumvi anajua kinachotokea: umeme unapita, chuma kinaliwa, kutu inatoka. Ukizamisha mguu wa kuku utaambiwa kuku ana maungio. Nikasema hivyo kwa sauti. Shemeji akazima swichi, akaniambia nina roho ya ubishi, nayo ni dalili ya sumu.

Wakati natoka akanipa karatasi ya vyakula kwa kundi la damu. Mimi O, nile nyama. Mke wangu A, ale majani kama mbuzi. Kulwa na Doto makundi yao ni mbalimbali. Watoto waliokaa tumbo moja wasile chungu kimoja? Nipikiwe sangara, mama watoto achume mlenda, na watoto tuwagawe kwa pazia? Mpwa wangu anayesoma maabara pale hospitali ya Bugando akacheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba watu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walilifuatilia jambo hili kwa watu 1,455, wakatoa majibu 2014: anayekula mboga nyingi ananufaika awe kundi lolote. Kundi la damu lina kazi yake siku ya kuongezewa damu. Kwenye sufuria halihusiki.

Huyu mpwa nampenda kwa kuwa hamwonei mtu. Nikamwambia basi matapeli wako kwetu tu. Akasema, thubutu mjomba. Marekani, tena California kwenye wasomi wa kompyuta, kampuni inayoitwa Theranos ilianzishwa 2003, ikawaambia watu tone la damu la kidoleni linatosha kwa vipimo chungu nzima. Matajiri wakamwaga pesa mpaka kampuni ikathaminiwa dola bilioni 9. Mashine haikuweza. Mwenye kampuni, Elizabeth Holmes, alitiwa hatiani Januari 2022 na akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Nilifurahi, nisiseme uongo. Yaani wao walipigwa mamilioni kwa mamilioni ya dola, mimi elfu kumi na pesa ya kikoba. Angalau wao walitolewa tone.

Ila na wenye maabara za vichochoroni wasijifiche nyuma ya shemeji yangu. Kuna mtu Mwanza hii aliyewahi kupima akaambiwa hana kitu? Unaingia na kichwa kinauma kwa kukosa chai, unatoka na "malaria mbili na taifodi". Kile kipimo cha taifodi kinachopendwa, cha Widal, ni cha 1896. Reli ilifika Mwanza 1928, kwa hiyo kipimo kina miaka kuliko stesheni. Mpwa anasema kinatafuta askari wa mwili, na askari wanaweza kubaki kambini muda mrefu baada ya vita kuisha, au wakawa wa vita nyingine kabisa. Ukitaka uhakika damu inaoteshwa maabara, na majibu yanangoja siku kadhaa. Nani atangoja, wakati mwenye duka la dawa yuko dirisha la pili na mwenye maabara ni shemeji yake?

Mpwa ndiye aliyeniuliza swali ambalo mashine haikuuliza: "Mjomba, unashinda wapi?" Ziwani. "Miguu iko wapi?" Majini. Akanipa kikopo kidogo chenye mfuniko, akaniambia kesho asubuhi nikijaze kiasi cha njegere na nikipeleke zahanati. Mtu mzima, baba wa mapacha, unapanda daladala na mzigo ule mfukoni, na siku hiyo ndipo kila unayemfahamu anataka mkono. Mwangaluka, mwangaluka. Nimebadilisha mkono mpaka nikapungukiwa mikono.

Pale zahanati hakuna moyo unaozunguka kwenye skrini. Mtaalamu alichukua choo, akakipitisha kwenye kichujio, akakipaka kwenye kioo, akakiweka chini ya hadubini na kuanza kuhesabu kwa mdomo. Akaniita nichungulie. Nikaona kitu kirefu cha duara, kina mwiba ubavuni. "Yai la kichocho hilo," akasema, "na wenzake wapo." Kichocho cha tumbo. Mdudu wake anatoka kwa konokono wa majini, anatoboa ngozi yako ukiwa umesimama unafungua kabureta, na huko ndani anaweza kukaa miaka akitaga. Kikiachwa kinaharibu ini mpaka mtu anatapika damu, na huko visiwani wamekwisha singiziwa uchawi majirani kwa damu hiyo. Mashine iliona kolajeni ya macho yangu. Minyoo hai haikuiona.

Na dawa yake ndiyo ile niliyoahidiwa ghorofani, ya mwili wangu mimi. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo. Wakanipandisha mizani: kilo 75. Mara 40, ni 3,000. Kidonge kina 600. Haya, vitano, na mkeo mwenye kilo 60 akikutwa nacho atameza vinne. Hesabu ya mwalo, hata mchuuzi wa dagaa anaielewa. Ni vichungu, vinazungusha kichwa, kwa hiyo unakula ugali wako kwanza.

Nikaona haya kwamba nimepimwa wakati wanangu hawapimwi. Shuleni kwao wanasimamishwa kwenye mti uliochorwa mistari, urefu unasema vidonge vingapi, wanameza. Doto akapewa zaidi ya Kulwa kwa sababu ni mrefu, ikawa ugomvi wa wiki nzima. Mpwa akanituliza: kwa watoto wa pwani ya ziwa kichocho ni kingi kiasi kwamba kumpima kila mmoja ni ghali kuliko kidonge. Pengine hata kutopima kuna hesabu yake. Lakini mwenye siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ukimpima sukari kwa kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu unaweza kudanganyika ikaonekana nzuri, maana damu yake nyekundu haiishi siku 120 kama ya wengine, na hapo daktari lazima ajue ana nani mbele yake. Hayo ndiyo mambo ya kila mwili. Shemeji muulize siko seli, atakuuzia vikopo vinne.

Nimepona, naweza kuinua injini peke yangu. Mtaalamu alinionya nisiingie tena ziwani. Nikamuuliza nitengeneze boti kwa simu?

Vile vikopo viko juu ya kabati, havijafunguliwa. Lakini nenda kaangalie stetasi ya shemeji. Nipo pale, nimebeba injini begani, natabasamu, na maandishi chini: "Baba Kulwa, Kirumba. Ini lilikuwa limechoka." Picha mkewangu ndiye kaituma. Sasa simu haikauki. Jana kaja mvuvi mmoja anayeniomba subira ya deni la kabureta tangu Ramadhani, leo pesa mkononi, laki mbili na themanini taslimu, anaomba nimfanyie mpango wa vikopo. Nikamwambia lipa kabureta kwanza, halafu nikupeleke ukatoe choo.