CPA "au" ACCA

Binamu yangu wa Umoja alimaliza ngazi ya mwisho ya CPA, cheti cha uhasibu cha Kenya, mwaka jana. Kabla hajapata kazi ya kulingana na cheti, meza imejaa vitabu tena, safari hii vya ACCA, cheti kingine cha uhasibu. Shangazi alinivuta kando: "Kwani huyu mtoto atasoma mpaka lini?"

Ana haki ya kuuliza. CPA hutahiniwa na KASNEB, bodi ya mitihani ya Kenya, kisha unajisajili ICPAK, chama cha wahasibu. Ndiyo njia ya kawaida ya kufikia kibali cha kutia sahihi ripoti ya ukaguzi hapa Kenya. ACCA ni ya chama cha wahasibu cha Uingereza: mitihani 13 na miezi 36 ya kazi. Viwango vya uhasibu katika vyote viwili ni vilevile vya kimataifa, ambavyo Kenya ilianza kuvitumia 1999. Ni kweli mwenye CPA husamehewa karatasi kadhaa, lakini huo msamaha wenyewe unalipiwa, tena kwa pauni. Shilingi ikiteleza, deni linanenepa na hujafungua hata ukurasa. Kisha kuna ada ya uanachama kila mwaka, kwa kila chama.

Anayelenga Dubai au London simzuii. Huko ACCA inajulikana, na kuanza kueleza KASNEB ni nani ni kupoteza muda wa usaili.

Ila kwa atakayebaki Nairobi, naona cheti cha pili kiwe cha ujuzi mwingine. Chukua CISA, mtihani mmoja wa ukaguzi wa mifumo ya kompyuta. Niliwahi kukaa na mkaguzi katika sacco (chama cha akiba na mikopo) moja. Vitabu vilikuwa safi, kila kitu kimejumlika. Yeye akaomba kumbukumbu za mfumo, akakuta miamala iliyofutwa saa nne usiku kwa jina la karani ambaye wiki hiyo alikuwa likizoni Murang'a. Mhasibu wa vyeti viwili vinavyofanana asingeyaona hayo. Angejumlisha upya na kupata jibu lile lile. (Nami nilikuwa nimeshajumlisha mara mbili.)

Jumapili nilimwambia binamu afungue matangazo ya kazi aliyohifadhi kwenye simu. Yalikuwa tisa. Saba yalitaka uzoefu wa miaka mitatu kwenda juu, na yote yaliyotaja ACCA yaliandika "CPA au ACCA". Akalisoma lile "au" tena, polepole, kisha akauliza kama chai ipo.