Shangazi alikufa kwa rovu, andikeni hivyo

Jumapili sikuwa na zamu kazini, nikaingia Mütter, makumbusho ya madaktari hapa Philadelphia ambayo basi langu linaipita kila siku. Nilidhani nitatoka na kichefuchefu. Nimetoka na wivu, na wiki nzima haujaniachia.

Kuna kabati la mafuvu 139 yaliyokusanywa na Josef Hyrtl, mwalimu wa anatomia wa Vienna. Makumbusho yaliyanunua mwaka 1874. Mengi yameandikwa kwenye mfupa wenyewe: jina, umri, kazi, na kilichomuua mtu. Mmoja ni Girolamo Zini, kazi yake kutembea juu ya kamba, miaka 20, alivunjika shingo. Nilisoma hilo la Zini mara tatu, nikamkumbuka shangazi yangu wa Kasulu, Kigoma.

Mnajua wasifu wa marehemu unavyosomwa kwetu. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto sita, akaimba kwaya, kisha "aliugua kwa muda mrefu, akapelekwa hospitali mbalimbali, Bwana alitoa na Bwana ametwaa." Aliugua nini? Anayeuliza ataonekana mchawi.

Shangazi alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni. Lilianza kama limao, likafika ukubwa wa embe dodo, naye akalifunika kwa kitenge hata jua la saa nane. Wakasema mke mwenzake kamlisha kitu. Akachanjwa chale, zikauzwa mbuzi wawili kumlipa mganga. Miezi ya mwisho alilala ameketi, maana akijinyoosha pumzi inakatika. Yote hayo watu wa mtaa mzima waliyaona, na siku ya mazishi hakuna aliyelitamka jina la ugonjwa.

Rovu si siri ya wachawi. Tezi ya shingo inahitaji madini joto, na ikiyakosa inavimba ikijaribu kuyanasa hata yale machache yanayopita kwenye damu. Udongo wa milimani kwetu mvua imeusafisha, bahari iko mbali, na muhogo usiolowekwa vizuri unazidisha tatizo. Na huu ndio mkoa wenye Uvinza, chumvi iliyochemshwa pale tangu kabla ya Mjerumani! Chumvi tulikuwa nayo siku zote, kilichokosekana ndani yake ni madini joto, na sheria ya kuyaweka ilikuja miaka ya 1990. Shangazi alikuwa keshavimba. Lakini binti zake wangeambiwa waziwazi kilichomuua mama yao, wasingekuwa mpaka leo wanapishana njia na yule mke mwenza wa mama yao, kikongwe asiye na hatia.

Najua mtakachosema. Kaenda Marekani miaka minne, sasa anatufundisha kuzika. Kwamba wazungu wanaanika maiti kwenye vioo, ustaarabu gani huo? Hapo siwapingi kwa kila kitu. Charles Byrne, yule Mwairlandi mrefu kupita kiasi, aliomba azamishwe baharini madaktari wasimpate. Walimpata, na London ilimweka kwenye maonyesho zaidi ya miaka mia mbili, hadi 2023 walipotangaza kwamba hawatamwonyesha tena. Na mafuvu ya babu zetu waliyoyabeba Wajerumani, yaliyokaa Berlin kwa mamia, mengi hayana hata jina. Zini ana jina lake, wa kwetu wamebaki namba. Hilo linanichoma, na sitalinyamazia kwa kuwa nakula mkate wa ugenini.

Ila yuko pia Harry Eastlack. Misuli yake iligeuka mfupa, hadi mwishoni alikuwa anasogeza midomo tu. Alikufa 1973 na miaka 39, na mwenyewe ndiye aliyetaka mifupa yake wabaki nayo madaktari wajifunze. Imeshikana kama mizizi ya mkuyu. Hakuna aliyesema karogwa na jirani.

Wala msiniambie sisi hatuwezi. Pale kuna ini la Chang na Eng, mapacha walioungana, na nililiangalia nikiwawaza Maria na Consolata wetu. Wale mabinti walisoma mpaka chuo kikuu, wakaieleza hali yao kwa mdomo wao, na walipofariki 2018 nchi nzima iliwalilia kwa majina yao, wakazikwa Tosamaganga katika jeneza moja. Hatukuwaweka kwenye kioo, tuliwaheshimu, na bado tuliongea wazi. Kama tuliweza kwao, kwa shangazi tulishindwa nini?

Mwezi wa nane tunajengea kaburi lake. Pesa ya saruji na marumaru nimeshatuma. Nimemwomba binamu kwamba chini ya tarehe fundi achonge neno moja, rovu. Ameona ujumbe tangu juzi. Leo asubuhi ndipo kajibu: "Kaka, ngoja kwanza niwaulize wazee."