Ongeza Uso Kidogo

Nairobi hii ukipotea kiroho, usiseme hukualikwa. Panda matatu Githurai uelekee mjini, na kabla hujapita Roysambu umeshaalikwa kwenye kesha la kuvunja laana za ukoo, kongamano la akina mama wa thamani, siku saba za kufungua milango na ibada maalum ya wanaotafuta wachumba. Mabango yako kwenye nguzo za stima, kwenye miti, kwenye uzio wa shule, hata kwenye ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni marufuku kubandika matangazo. Kila bango lina mwanamume wa suti aliyeinua kidole. Huwa natazama kile kidole kinaonyesha nini. Mara nyingi kinaonyesha waya za stima.

Nina haki ya kunung'unika kwa sababu baadhi ya mabango hayo nayachapisha mimi. Nina kiduka cha uchapishaji River Road, ghorofa ya pili, katikati ya fundi wa simu na mama anayeshona sare za shule. Watu hudhani mteja wangu mkubwa ni mwanasiasa. Mwanasiasa huja kila baada ya miaka 5, na akishindwa simu yake haipatikani tena. Kanisa huja kila wiki. Kuna miezi ambayo bila makanisa mwenye nyumba angenifungia mlango kwa kufuli lake, na hilo silifichi.

Lakini njoo uone kazi yenyewe. Askofu anaingia na msaidizi. Askofu anakaa kwenye kiti changu, msaidizi anasimama, na kuanzia hapo mazungumzo yote yanapitia kwa msaidizi, ingawa mimi na askofu magoti yetu yanagusana.

"Askofu anasema unamwekea moto nyuma."

Naweka moto.

"Na njiwa. Na ndege."

"Njiwa si ndege?"

"Ndege ya abiria. Ni ya wale wanaongojea viza."

Naweka ndege, inapita katikati ya moto, nami sisemi kitu. Halafu tunafika kwenye uso. Askofu ananyoosha shingo kutazama skrini, kwa mara ya kwanza anafungua kinywa mwenyewe: "Ongeza uso kidogo." Naongeza. "Kidogo tena." Naongeza. Sasa Yesu, ambaye tulianza naye pale katikati amefungua mikono, inabidi asogee kushoto. Uso unaongezwa, Yesu anakatwa bega. Unaongezwa tena, anabaki mkono mmoja wenye mwanga, hujui ni wa nani, huenda hata ni wa askari wa trafiki.

"Askofu, samahani, Yesu anatoka nje ya bango."

"Si wanamjua tayari," akajibu msaidizi.

Sikuwa na la kubishana. Nikachapisha.

Chini kabisa kwenye kila bango huandikwa KIINGILIO NI BURE, na huwa wananiambia niyape maneno hayo rangi ya manjano yaonekane mbali. Ni kweli tupu. Kuingia ni bure. Kutoka ndiko kuna gharama. Mama Kevo wangu aliingia kwenye moja ya hizo siku saba, akapokelewa mlangoni na wasichana wa skafu, akapigiwa makofi, akapewa soda na kiti cha mbele. Mgeni! Wiki mbili baadaye aliporudi nyumbani na bahasha, ndipo nikajua amehama kutoka kwa wageni amekuwa wa nyumbani. Bahasha moja ya fungu la kumi, moja ya ujenzi, moja ya malimbuko ya Januari, na moja ya rangi ya zambarau imeandikwa "Kumbariki Mtumishi." Wa nyumbani hapewi soda.

Tulizozana sana kuhusu ile ya fungu la kumi. Mama Kevo ameajiriwa kwenye ghala moja Industrial Area, ana stakabadhi ya mshahara. Akaniuliza: fungu la kumi linahesabiwa kabla ya makato au baada? Tukaiweka stakabadhi mezani. Kodi ya mapato imeshachukua yake. SHA, ile bima ya afya, imekata asilimia 2.75. Nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, na hizo nyumba sijaona hata ufunguo. NSSF, akiba ya uzeeni, imepita. Nikasema, mke wangu, hapa Mungu amewekwa kwenye foleni na serikali, basi na yeye apate kwa kile kilichobaki kama sisi wengine. Akampigia mchungaji. Mchungaji akasema kabla ya makato. Hakufikiri hata kidogo, alijibu haraka, unajua kabisa swali hilo limemfikia mara nyingi.

Basi akatuma. Wanasema tuma kwa hazina ya kanisa, namba hii hapa kwenye skrini ya ukutani. Sasa M-Pesa ina umbea wake mzuri: kabla hujamaliza, inakuonyesha jina la mwenye namba. Tukasubiri tuone jina la kanisa. Likatoka jina la mwanamke, majina yote matatu. Mama Kevo akanyamaza kidogo. "Huyo ni mama mchungaji," akasema. Nikamwambia sawa, pengine hazina ni yeye.

Hapo wengi wenu mtadhani nawachukia wachungaji kulipwa. Siwachukii. Paulo anawaambia Wakorintho wazi kwamba wanaohubiri Injili wale kwa hiyo Injili, na kwa Timotheo anamleta yule ng'ombe anayepura nafaka, kwamba asifungwe kinywa. Nakubali, ng'ombe ale. Ila ng'ombe wa Timotheo anakula mbele ya watu, kwenye uwanja, na kila mtu anaona amekula kiasi gani. Sijasoma popote kwamba alipelekwa Dubai kupumzika. Na Paulo mwenyewe, ukifungua Matendo sura ya 18, utamkuta Korintho anashona mahema na akina Akila. Mtume mzima, sindano mkononi! Wa kwetu ukimwambia ashone hema atakuuliza la harusi au la mazishi, na dipoziti iko wapi.

Mimi mwenyewe nimelelewa na kanisa la Friends, wale wanaoitwa pia Quakers, kule Vihiga. Wamarekani watatu walifika Kaimosi mwaka 1902 wakaanzisha misheni, na nasikia wale waasisi wa kanisa hilo Uingereza, karne ya 17, hawakuwa na mhubiri wa kulipwa hata mmoja. Walikaa kimya ukumbini mpaka mtu aguswe na Roho aseme neno, kisha wakakaa kimya tena. Ikafika kwetu Magharibi, kukaa kimya kukashindikana siku ya kwanza. Tuliongeza nyimbo, tukaongeza mchungaji, na mchungaji akaongeza kuku. Lakini malipo ya yule mchungaji wetu kijiji kizima kiliyajua. Gunia la mahindi wakati wa mavuno, pesa kidogo kutoka kwenye sadaka, na Jumapili akija kwenu wewe mtoto unajua firigisi imeshaondoka. Ulimwona akiitafuna, uso kwa uso. Iliuma, lakini ulikuwa na hakika ni ile ile, haikuitwa mradi wa ujenzi.

Mpwa wangu yuko Ujerumani. Ananiambia kule serikali yenyewe ndiyo inawakusanyia makanisa makubwa: kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato, kutegemea jimbo. Ukichoka unaenda ofisini unatia sahihi kwamba umejiondoa, basi. Nilicheka mpaka fundi wa simu akachungulia. Hebu fikiria ujiondoe kanisa la hapa kwetu kwa kutia sahihi. Kwanza utapigiwa simu na wazee, halafu na akina mama wa maombi, halafu Jumapili utatajwa bila jina, lakini kwa maelezo ambayo hata mlinzi wa geti atajua ni wewe.

Na msinielewe kwamba nasema makanisa yote ni mamoja. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alirudisha pesa ambazo Rais Ruto alizitoa kwenye kanisa Katoliki la Soweto, kule Embakasi. Zilikuwa shilingi 600,000 za kwaya na kikundi cha parokia, milioni 2 za nyumba ya padri, na kulikuwa na ahadi ya milioni 3 zaidi, na basi la parokia juu yake. Siku hiyo watu walisimama dukani kwangu kusoma habari hiyo kwenye simu ya mtu mmoja, kila mmoja anataka kujionea, kwa sababu pesa kuingia kanisani tumezoea, lakini pesa kutoka! Nilimwonea huruma padri wa pale na nyumba yake. Niliwaonea huruma zaidi wanakwaya, maana najua kwaya ikisikia laki sita, soprano wameshachagua kitambaa kabla ya wimbo wa kutoka.

Kinachoniuma mimi, ngoja niseme bila kuzunguka, ni kwamba lile bango lina kila kitu isipokuwa hesabu. Mnanitangazia kama dukani: siku, saa, mahali, picha, mgeni maalum kutoka nchi jirani. Sawa. Basi bandikeni na ubaoni pale ndani mchungaji analipwa ngapi kwa mwezi, mama mchungaji analipwa ngapi, na spika mpya ziligharimu ngapi. Mimi chama chetu cha akiba cha watu wa River Road, ambacho kina katibu asiyejua kuandika vizuri, kinatoa hesabu kila mwezi. Ukiuliza kanisani unaambiwa usiguse masihi wa Bwana. Nani amemgusa? Nimeuliza risiti.

Spika nazo zisinifanye niongee sana. Kwenye mtaa wetu kuna kanisa la mabati lenye waumini wanaoweza kutosha kwenye matatu moja na bado makanga akaita abiria. Spika zao zimegeuzwa kuelekea nje. Waumini wako ndani, spika zinatutazama sisi tuliolala. Kuna kanuni za kelele tangu 2009, lakini nenda wewe ukamsomee kanuni mtu anayenena kwa lugha.

Sasa turudi kwa yule askofu wa uso mkubwa. Hajanilipa. Bango lilipachikwa, kesha likafanyika, njiwa na ndege wakapigwa na mvua, kanjo, wale askari wa jiji, wakaling'oa kwa sababu halikulipiwa kibali, na deni langu bado liko kwenye daftari. Nikipiga simu, kwanza nasikilizishwa wimbo wa sifa mpaka mwisho, halafu msaidizi anapokea: askofu yuko mlimani, anaomba. Nikafungua ukurasa wao mtandaoni kumtafuta. Mlima wenyewe una bwawa la kuogelea na mhudumu mwenye sinia. Nilipowafuata ofisini, mweka hazina akanipokea vizuri, akanikalisha, akaniambia kwa upole, "Ndugu, kwa nini usiihesabu hiyo kazi kuwa ni mbegu?"

Nikamwambia, mama, mbegu huipanda mwenye mbegu akiwa amependa. Hii mmeichukua ghalani kwangu.

"Basi tutaombea biashara yako."

"Niombeeni nilipwe na wateja."

Akasema amina, tena kwa sauti kubwa. Nadhani hakusikia vizuri.

Mhubiri pekee ambaye sina ugomvi naye ni yule wa basi pale steji ya Machakos. Mnamjua. Unaingia basi la Magharibi, umeweka mzigo, gari halijajaa, naye anaingia na Biblia iliyochakaa na leso begani. Anahubiri amesimama. Anashindana na muuza karanga, muuza soksi na dawa ya minyoo. Anaombea dereva, anaombea matairi, anaombea breki hasa. Kisha anapita kila kiti na mkono wake, na pesa anazopata unazihesabu pamoja naye. Gari likijaa amemaliza, anashuka. Mshahara wake wote tunaujua, basi zima, kuanzia kiti cha mbele mpaka wale wa nyuma waliojifanya wamelala.

Juzi nikienda nyumbani nilimpa noti ya mia nikataka chenji themanini. Akanihesabia, bila kununa, kwenye kiganja. Roho yangu ikampenda papo hapo. Nikamuuliza, "Pasta, wewe mbona huna bango?"

"Bango ni la mtu ambaye Jumapili ijayo atakuwa pale pale," akasema. "Mimi kanjo wakitokea nahama."

Nikacheka, nikamwambia mimi ndiye huyachapisha. Aliposikia hivyo akakaa kwenye kiti kitupu kando yangu, akafunga Biblia, akaniuliza la mita mbili kwa moja ni pesa ngapi. Nikamtajia. Akatazama dirishani kidogo, akapiga hesabu kwa vidole.

"Hiyo ni ya watu wote," akasema. "Ya mtumishi ni ngapi?"