Pango la milioni moja si faida ya milioni moja

Mazungumzo ya nyumba za kupangisha Dar es Salaam huanzia na kuishia kwenye swali moja: unapangisha shilingi ngapi? Ukijibu laki mbili na nusu, mwenzako anazidisha kwa idadi ya milango, kisha mara 12, na uamuzi umeshapita. Hesabu hiyo imewameza watu waliojinyima miaka mingi, wengine wakiingiza humo kiinua mgongo chote, na inaniuma kwa sababu karatasi moja tu ingewaonyesha mapema.

Tuchukue mfano wa pembezoni mwa jiji. Kiwanja milioni 25, ujenzi milioni 95, unapata apatimenti nne za chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Kila moja ikitoka kwa 250,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni milioni 12, asilimia 10 ya mtaji. Inavutia.

Sasa anza kutoa. Mpangaji akihama, mwingine haingii kesho yake. Weka mwezi mmoja mtupu kwa kila mlango, zimebaki milioni 11. Kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10, zimebaki milioni 9.9. Kwa matengenezo mimi huweka asilimia moja ya gharama ya ujenzi, yaani 950,000, na bado naiona ndogo: rangi kila mtu anapohama, vitasa, pampu ya kisima, gari la kunyonya maji taka masika yakijaza shimo. Ongeza kodi ya ardhi na ujira wa msimamizi, tuseme 450,000. Mkononi inabaki milioni 8.5, kama asilimia 7. Kodi ya jengo sijaigusa kwa kuwa ni ndogo na hukatwa kwenye LUKU, ingawa anayenunua umeme ni mpangaji na haki ni umrudishie.

Benki Kuu iliposhusha riba mwaka 2022, hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani kuikopesha serikali fedha zako ikulipe riba kila mwaka, ilibaki na riba ya asilimia 12.10. Kwa milioni 120 hizohizo ni zaidi ya milioni 14.5 kwa mwaka, bila fundi wala dalali. Wapenzi wa nyumba watasema hatifungani inarudisha mtaji uleule, umeshaliwa na mfumuko wa bei, wakati ardhi inapanda na pango linapanda nayo. Wana hoja. Lakini kinachopanda hasa ni kiwanja, milioni 25 kati ya 120. Mabati, mabomba na nyaya vinachakaa kila mwaka. Kama tegemeo lako ni ardhi kupanda, nunua kiwanja chenye hati na usijidanganye kwamba unafuata pango.

Anayejenga kwa mkopo wa benki ndiye ninayemhofia zaidi. Nyumba inayozaa asilimia 7 haiwezi kulipa deni la asilimia 15. Pengo litatoka kwenye mshahara kila mwezi, na deni linaanza kudai kabla hata paa halijapanda. Kupokea pango la miezi sita kwa mkupuo nako kunapumbaza. Milioni sita zikiingia pamoja zinaonekana faida, ilhali ndani yake mna kodi ya serikali, rangi ya mwakani na miezi itakayokaa mitupu.

Kwa hiyo kabla ya kumwaga msingi, zunguka mtaa huohuo jioni uzungumze na wapangaji. Dalali atakutajia bei anayoitamani, mpangaji anataja anayolipa. Waulize vyumba vilivyo wazi vimekaa wazi tangu lini. Ukikuta matangazo ya kupangisha yamebandikwa geti hadi geti, ule mwezi mmoja mtupu ufanye mitatu, kisha upige hesabu upya. Kwenye mfano wetu, milioni 8.5 zinashuka hadi 6.7.