Ukalimani Ulioniponza Chake Chake

Katika warsha moja ya utawala bora iliyofanyika Chake Chake, nilikubali kuwa mkalimani, ingawa sehemu kubwa ya Kiingereza changu nimeisoma nyuma ya pakiti za viungo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mgeni wetu aliposema kwamba zipo serikali zinazochaguliwa kwa kura kisha zikatawala "illiberally". Nikaikumbuka pakiti ya masala ya pilau, inayoagiza viungo vinyunyizwe "liberally", yaani kwa wingi, bila ya kubania; basi nikapiga hesabu yangu na kutangaza kwa sauti ya mtu anayejiamini: "Serikali hizo hutawala kwa ubahili."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mgeni alifurahi, asijue kwamba washiriki walikuwa wameketi tangu asubuhi kwa chai ya rangi na kipande kimoja cha mkate wa mofa, na habari ya posho haijatajwa. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alisimama, akaiweka sawa kofia yake, akasema, "Mwanangu, mwambie mgeni amesema kweli, na ubahili wenyewe hauko mbali, umekaa pale mlangoni." Mlangoni alikaa mhazini.

Usiku nilifungua kamusi, nikakuta sikukosea sana. Shina la neno lile ni la Kilatini, "liber", mtu huru. Na "liberalis" ni jambo linalomstahiki mtu huru, ukarimu ukiwa mojawapo. "Il" ya mwanzo ni "in" ya kukanusha iliyogeuka ilipokutana na "l", na "ly" ya mwisho hufanya kazi ya "ki" yetu katika "kiungwana". Zamani lilisemwa kwa maana ya uchoyo na utovu wa adabu. Maana ya kubana uhuru wa raia imevuma zaidi tangu Fareed Zakaria, mwandishi wa habari wa Marekani, alipoandika, mwaka 1997, juu ya demokrasia za aina hiyo. Kumbe tafsiri nilikuwa nayo tangu utotoni, kwa kuwa hata kwetu muungwana alikuwa kwanza asiye mtumwa, ndipo akawa mwenye adabu. Ningesema "isivyo kiungwana", mhazini angemaliza chai yake kwa amani.

Kesho yake alinikabidhi bahasha, nikaihesabu mbele yake, nikaona imepungua shilingi elfu kumi. Akaniambia kuwa hayo ni makato ya maneno yaliyozidi. Nilikuwa na neno moja la kumjibu, tena kwa lugha tatu.